Mke amepimwa kila kitu, kumbe mwenye wadudu ni mimi?

SWALI

Shikamoo Dokta.

Mimi ni dereva wa malori, nina miaka 34, nyumbani ni Kahama. Nilioa mwaka 2021, mke wangu ana miaka 27. Mpaka leo hatujapata mtoto, na hata mimba ya kuharibika haijawahi kutokea. Mwenzangu amehangaika sana. Amepimwa homoni, amepigwa ultrasound, mwaka jana akapimwa mirija ya uzazi, ile ya kuingizwa dawa na kupigwa picha, wakasema yote miwili iko wazi. Dawa za kusafisha kizazi amekunywa za hospitali na za kienyeji. Mama yangu kila nikirudi safari ananiuliza, "Huyo binti vipi?" Sasa hivi na dada zangu wameanza kunitajia wasichana wengine.

Juzi nikiwa Dar nasubiri mzigo, dereva mwenzangu aliyewahi kupata shida kama hii akanishauri nikapime mbegu. Pale maabara palikuwa na watu wengi na choo ni kimoja, nikaona aibu, nikaondoka na kikopo mpaka gesti nilikofikia. Nilipomaliza nikakiweka kwenye mfuko pamoja na chupa ya maji ya baridi, maana niliwahi kusikia mbegu hazitakiwi joto, nikapanda daladala. Foleni ilikuwa balaa. Majibu yakatoka: ujazo mililita 2, mbegu milioni 7 kwa mililita, zinazotembea asilimia 20, seli za usaha nyingi. Walipootesha wakasema kuna mdudu anaitwa E. coli. Yule wa maabara akaniambia nina UTI sugu na ndiyo imekula mbegu. Nikachomwa sindano siku tano na kupewa vidonge juu. Baada ya wiki mbili nikapima tena: wadudu hawapo, lakini mbegu ni zilezile milioni 7.

Dokta, kuna jambo mke wangu halijui. Mwaka 2018, kabla sijamfahamu, nilitokwa na usaha baada ya kulala na mwanamke mmoja Tunduma. Nilienda duka la dawa nikapewa vidonge vya rangi mbili, siku ya tatu usaha ukakata. Vilivyobaki nikampa utingo wangu, naye alikuwa na shida hiyohiyo. Mwaka uliofuata korodani ya kushoto ikavimba, ikauma, nikawa na homa kali. Mzee mmoja akasema ni ngiri, akanipa mizizi nikachemsha nikanywa, ikapungua taratibu. Mpaka leo nikiishika nasikia kitu kigumu kwa nyuma yake.

Naomba kujua: ni kweli wadudu wanaweza kula mbegu za mwanaume? Na kama wameshakufa, mbona mbegu haziongezeki? Mtandaoni kuna mtu anauza dawa ya kusafisha mbegu, shilingi 180,000 dozi ya mwezi mmoja, ninunue? Na je, nimwambie mke wangu habari ya Tunduma, au niiache kwa kuwa ilipita kabla yake?

Dereva, Kahama

JIBU

Marahaba, kijana wangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Mbegu unazo. Ni chache, lakini mwanaume mwenye milioni saba kwa mililita anaweza kumpa mkewe mimba nyumbani kwake bila msaada wa daktari yeyote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, na ujazo wa mililita 1.4. Namba hizo zilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na kwa kila namba, asilimia tano ya wanaume hao walikuwa chini yake. Kwa hiyo aliye chini ya kiwango ana safari ndefu zaidi, lakini usimwite mgumba.

Pili, hicho kipimo chako cha kwanza mimi sikiamini, na ningekuwa daktari wako ningekitupa. Manii yanatakiwa kufika maabara ndani ya saa moja, ikiwezekana nusu saa, yakiwa na joto la mwili. Mtu anayetokea nyumbani huwa tunamwambia akiweke kikopo kwapani au mfuko wa ndani wa shati. Wewe ukakilaza ubavuni mwa chupa ya baridi ukaingia nacho kwenye foleni ya Dar es Salaam! Uliyosikia kuhusu joto ni ya korodani: zenyewe zinataka ubaridi kidogo kuliko tumbo, ndiyo maana zinaning'inia nje. Mbegu zikishatoka ni habari nyingine. Idadi yake haipungui kwa baridi, lakini mwendo wake unapotea, na hiyo asilimia 20 siwezi kujua ni yako au ni ya ile chupa.

Hukuniambia pia ulikaa siku ngapi bila kumwaga kabla ya kupima. Inatakiwa zisipungue mbili na zisizidi saba. Dereva aliyetoka kwa mkewe jana na dereva aliyekaa barabarani wiki tatu wakipimwa siku moja, majibu yao hayalinganishiki. Na kama tone la kwanza lilikukosa likaangukia shuka la gesti, sema ukweli, kwa sababu sehemu ya kwanza ya manii ndiyo inayobeba mbegu nyingi kuliko sehemu zote.

Sasa Tunduma.

Usaha ule, kwa unavyoueleza, ulikuwa kisonono, na mara nyingi kisonono hakisafiri peke yake. Kinaongozana na klamidia, na klamidia ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa wanaume wa umri wako, kwa sababu wengi wao haiwaonyeshi dalili yoyote. Usaha unakata, mtu anaona amepona, kumbe mmoja ametoka na mwenzake amebaki ndani. Hivyo vidonge vya rangi mbili sijui vilikuwa nini, na hata wewe hujui, lakini dawa nyingi za zamani kisonono kimeshazizoea. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri sipro na ndugu zake zisitumike tena kwa kisonono, na leo tegemeo ni sindano ya seftriaksoni. Halafu mkagawana dozi ya mtu mmoja wewe na utingo! Kwa hiyo sina uhakika kama kati yenu yupo aliyepona. Usaha wa kisonono unaweza kukauka wenyewe hata bila dawa, kwa hiyo kukauka kwake si ushahidi wa kupona.

Kilichofuata mwaka 2019 hakikuwa ngiri. Kwa mwanaume aliye chini ya miaka 35, korodani moja ikivimba taratibu, ikauma, na homa ikapanda, jambo la kwanza kulifikiria ni maambukizi ya zinaa yaliyopanda kutoka kwenye njia ya mkojo. Kama kati ya 2018 na 2019 kulikuwa na Tunduma nyingine, hilo unalijua wewe. Nyuma ya kila korodani kuna mrija mwembamba kama uzi, umejikunja na kujiviringisha, ambao ukinyooshwa unafika kama mita sita. Mbegu zikitoka kwenye korodani hazijui kuogelea. Zinapita humo kwa siku kadhaa, zinakomaa, ndipo zinapata mwendo. Bakteria wakiingia humo, mwili unapigana nao, na pakishapigwa vita vile panabaki kovu. Uzi wa upana ule ukipata kovu, unaziba. Mizizi ya mzee haikuyaponya maambukizi hayo. Uvimbe ulipungua kwa sababu mwili ulishamaliza vita yake, na kile kigumu unachokigusa kwa nyuma huenda ndiyo alama yake.

Nasema huenda kwa makusudi. Kigumu hicho lazima kishikwe na daktari na kupigwa ultrasound, maana kifua kikuu nacho hupenda kujificha hapohapo, na kigumu kilichomo ndani ya korodani yenyewe, badala ya nyuma yake, hakitakiwi kungoja hata mwezi kwa sababu kinaweza kuwa saratani. Na wewe msomaji mwingine unayesoma barua ya mwenzio, shika hili: korodani ikianza kuuma ghafla, ndani ya dakika au saa chache, hasa kwa kijana, huenda imejisokota. Usianze na duka la dawa wala mizizi. Ndani ya saa sita hivi uwe umeshafika kwenye chumba cha upasuaji, la sivyo unaipoteza.

Unauliza kama wadudu wanakula mbegu. Kula hawali, ila wanaziharibu kwa njia nyingine. Huyo E. coli akiwa mwingi hujishikiza kwenye mbegu, zikanasana vichwa na mikia na kushindwa kwenda, na sumu yake inaua mwendo wake. Pili, chembe nyeupe za damu zinazokuja kupigana naye humwaga oksijeni kali ambayo haichagui adui. Ganda la mbegu lina mafuta mengi laini yanayoungua upesi, na mbegu haina karakana ya kujitengeneza kama seli nyingine. Oksijeni hiyo ikipenya zaidi inakata hata vinasaba vilivyobebwa kichwani, na hapo mbegu inaweza kuogelea vizuri ukaisifu, lakini mimba isishike au ishike na kutoka mapema. Tatu, tezi dume ikiwa na uvimbe wa bakteria, majimaji yake yanabadilika na mbegu zinakosa mazingira yake. Nne ni lile kovu. Na kuna la tano: ukuta unaozitenga mbegu na damu ukibomoka, mwili unaziona ngeni na kuanza kuzitengenezea kinga ya kuzipinga. Hata homa kali peke yake, iwe ya malaria au ya nini, inaweza kushusha mbegu kwa wiki kadhaa.

Kati ya hayo, kwa kisonono na klamidia mimi huhesabu kovu kuwa baya zaidi. Na niwape kisa kimoja cha zamani. Mwaka 1677, kule Delft, Uholanzi, kijana aliyekuwa akisomea udaktari, Johan Ham, alimpelekea Antoni van Leeuwenhoek, fundi wa lenzi za kukuza vitu, majimaji ya mgonjwa wa kisonono. Leeuwenhoek akaweka jicho akaona viumbe vidogo vyenye mikia vinaogelea. Hivyo ndivyo mbegu za binadamu zilivyoonekana kwa mara ya kwanza, na zilikuwa za mtu mwenye kisonono! Ham alidhani zimezaliwa na uozo wa ugonjwa. Leeuwenhoek akapima na za mtu mzima wa afya, ambaye ni yeye mwenyewe, akiziheshimu sheria za ndoa kama alivyojitetea kwenye barua yake, akazikuta vilevile. Kisonono cha yule bwana kilikuwa kimewaka na mbegu zake zilikuwa hai. Madhara makubwa huja baadaye, njia inapoziba.

Kwa upande wako, kama iliyoziba ni ya kushoto peke yake, ya kulia inaendelea na kazi na unabaki na idadi pungufu kama uliyonayo. Zingeziba zote mbili usingepata hata moja kwenye kikopo, ingawa manii yangetoka kwa wingi uleule, kwa sababu sehemu kubwa ya majimaji haitoki kwenye korodani. Inatoka kwenye tezi dume na vifuko vilivyo jirani yake. Ndiyo maana wanaume wanaojitetea kwamba "mbona natoa mengi" huwa nawasikiliza tu.

Sasa hiyo UTI sugu. Nitasema wazi, na wenye maabara watanisamehe: jina hilo limekuwa biashara. E. coli kazi yake ni kukaa kwenye utumbo, na kutoka huko anafika kwenye ngozi na vidoleni. Ulitoa manii gesti. Kama hukunawa mikono na uume kwa sabuni kabla ya kushika kikopo, huyo waliyemwona anaota huenda alitoka mkononi mwako tu. Mtu mwenye bakteria kwenye tezi dume kwa kawaida ana cha kusimulia: mkojo unauma au unamwita kila saa, anasikia maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, au akimwaga anaungua. Wewe hukutaja hata moja. Na zile seli za usaha, kwenye hadubini ya kawaida chembe nyeupe za damu na mbegu changa ambazo hazijakomaa zote zinaonekana duara. Asiyezitia rangi ya kuzitofautisha anaandika zote usaha. Kiwango cha kutia wasiwasi ni chembe nyeupe milioni moja kwa mililita, zikiwa zimehesabiwa, na neno "nyingi" kwenye karatasi halinisaidii.

Kwa hiyo huenda ulichomwa sindano siku tano kwa mdudu wa mkononi. Inaudhi, najua.

Kuhusu kwa nini mbegu hazikuongezeka, hapo hata dawa ingekuwa sahihi usingeona kitu. Mbegu moja inachukua siku 70 na kitu kutengenezwa, halafu wiki moja mbili kupita kwenye ule mrija mrefu. Mbegu ulizopeleka wiki mbili baada ya sindano zilikuwa zimeshaanza kutengenezwa muda mrefu kabla hujachomwa. Matibabu yoyote ya mbegu, hesabu miezi mitatu ndipo upime. Anayekuambia urudi baada ya siku 14 kupima idadi anakula hela yako. Na nisikudanganye: antibaiotiki zinaua bakteria na mara nyingi zinapunguza chembe nyeupe, lakini ushahidi kwamba zinaongeza mimba ni mdogo. Hazifuti kovu. Faida yake kwenu ni kuzuia kovu jipya, kwako na kwa mkeo.

Ndiyo maana swali lako la mwisho nalijibu kwa mkazo kuliko yote. Mwambie.

Sikuambii hivyo kwa ajili ya dini wala kwa ajili ya kutubu. Ni kwa ajili ya mirija yake. Kama klamidia ulibaki nayo wakati mnaoana, huenda alishaipata, na kwa mwanamke inapanda kimya mpaka kwenye kizazi na kuziba mirija. Kwa bahati ya Mungu picha ya mwaka jana ilionyesha iko wazi. Haimaanishi itabaki wazi. Tena ukitibiwa wewe peke yako, usiku uleule mnaambukizana upya. Huwezi kumleta hospitali akapimwe magonjwa ya zinaa bila kumwambia sababu. Atajua, na atajua vibaya, kutoka kwa nesi.

Mwambie ukiwa umetulia nyumbani, usimwambie kwa simu ukiwa Rusumo. Anza na yako: "Nimepima, na tatizo liko kwangu. Mwaka 2018, kabla sijakujua, niliugua kisonono nikatibiwa ovyo. Naomba twende wote tukapime." Halafu nyamaza umwache aseme. Atakasirika, na ana haki. Amekunywa dawa za kusafisha kizazi ambacho hakikuwa kichafu, amelala kwenye kitanda cha eksirei akiingizwa dawa yenye maumivu, na kipimo chako cha kikopo, ambacho hakichomi wala hakikati, kimekuja mwisho wa yote. Hili silisemi kwako peke yako. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika kupata mtoto, mwanaume ana mchango wake, peke yake au pamoja na mkewe, na bado huku kwetu mwanamke ndiye anayetangulizwa kwenye kila foleni.

Na kama katika safari zako za baada ya ndoa kuna lingine ambalo hukuniandikia, lihesabu kwenye vipimo, hata kama hulihesabu kwenye maongezi. Pimeni na VVU na kaswende siku hiyohiyo.

Mama ni wa kwako, kwa hiyo kazi ya kumwambia ni yako. Usimpe maelezo ya Tunduma, hayamhusu. Inatosha: "Mama, daktari amesema wa kutibiwa ni mimi." Nina hakika majina ya wasichana yatakoma kutajwa kuanzia jioni hiyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwa sasa acha dawa zote. Nendeni wote wawili hospitali ya rufaa. Kwa mtu wa Kahama, Bugando pale Mwanza kuna madaktari wa mfumo wa mkojo. Wewe utashikwa korodani na kupigwa ultrasound. Sema na daktari aangalie pia kama mishipa ya damu ya korodani imetanuka, maana hilo ndilo tatizo linaloonekana zaidi kwa wanaume wenye mbegu pungufu, kama wanne katika kila kumi, na halina uhusiano wowote na wadudu. Isije ikawa tunaitukana Tunduma bure. Ukipimwa klamidia na kisonono, kipimo kizuri ni cha vinasaba, na kinatumia mkojo wa kwanza kutoka, si wa katikati kama mlivyozoea, na uwe hujakojoa angalau saa moja kabla. Mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu ina kipimo chake cha magonjwa haya mawili. Uliza kama kinapatikana. Kama hakipo, daktari anaweza kuamua kuwatibu kwa historia tu, na kwa historia yako sitamlaumu. Mtibiwe siku moja, mmalize dozi, na msikutane kimwili mpaka wiki ipite na dawa ziishe. Utingo naye mtafute umwambie, maskini, naye ana mke.

Kama ulikulia kando ya ziwa ukiogelea na kuvua, mwambie daktari hilo pia. Kichocho si bakteria, ila mayai yake yanakaa kwenye kibofu, tezi dume na vifuko vya manii, na kuna wanaume wa kanda hiyo wanaoona damu kwenye manii wakadhani wamelogwa.

Halafu subiri hiyo miezi mitatu. Sigara na mirungi acha, pombe punguza, na kile kiti cha lori kinachopata moto wa injini kipumzishe: simama, shuka, tembea. Mkutane kila siku mbili tatu ukiwa nyumbani bila kusubiri "siku zenyewe", maana ratiba yako na ya yai la mkeo hazijawahi kukaa meza moja, na hilo huenda limewachelewesha kuliko E. coli. Dereva anayerudi nyumbani siku nne kwa mwezi anaweza kukosa miezi mingi mfululizo hata akiwa na mbegu milioni mia. Omba likizo.

Dawa ya 180,000 usinunue. Hakuna dawa inayosafisha mbegu. Zilizoharibika hazisafishwi, zinatolewa na nyingine zinatengenezwa. Na ogopa zaidi wanaouza sindano za nguvu za kiume zenye homoni ya testosteroni: ukiichoma kutoka nje, ubongo unaona imetosha na kuziambia korodani ziache kazi, na mbegu zinaweza kushuka mpaka sifuri. Hela hiyo fanya nauli yenu ya Mwanza.

Miezi mitatu ikipita, rudia kipimo. Safari hii omba chumba palepale maabara, hata kama mtalazimika kusubiri watu wapungue. Nawa kwa sabuni, usitumie kondomu ya kawaida, mate wala mafuta, kamata yote kuanzia tone la kwanza, na uandike saa uliyotoa. Hakikisha wanapima tena baada ya wiki chache, kwa sababu mbegu za mtu mmoja hupanda na kushuka zenyewe. Kisha niandikie namba tatu: ujazo, idadi kwa mililita, na asilimia zinazokwenda mbele. Na kama mkeo ana swali lake, aniandikie yeye mwenyewe, kwa jina analotaka.